Filamu za mwiko za Marekani, 1913 hadi 1945: uanze na ipi?

Mtu anayetaka kuonja zile filamu za zamani za Kimarekani zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, zikihubiri dhidi ya bangi, ulevi, zinaa na biashara ya wasichana, huelekezwa karibu kila mara kwenye Reefer Madness, na baada ya saa moja na dakika chache za kucheka huamini kwamba ameshaijua aina nzima. Ushauri huo siukubali. Filamu hiyo ina nafasi yake, nami nitaieleza, lakini si mlango mzuri wa kuingilia, kwa sababu inamzoesha mtazamaji kucheka kabla hajajiuliza swali linalozitofautisha filamu hizi: mahubiri yaliyomo ni ya nani, na yamewekwa pale kufanya kazi gani? Nimechagua tano ambazo naona zinajibu swali hilo kwa namna tofauti. Sitazigawia nafasi sawa, maana hazistahili nafasi sawa.

Kwanza ifahamike kwa nini zilihubiri. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la kampuni ya Mutual dhidi ya jimbo la Ohio, iliamua kwamba sinema ni biashara kama biashara nyingine na haina kinga ya uhuru wa kujieleza. Uamuzi huo haukutenguliwa hadi 1952. Majimbo kama Ohio, Pennsylvania, Kansas na New York yalikuwa na bodi zenye mamlaka ya kukata vipande vya filamu au kuipiga marufuku kabisa. Kisha studio kubwa za Hollywood zikajiwekea kanuni zao mwaka 1930, nazo zikaanza kutekelezwa kwa ukali kuanzia Julai 1934 chini ya Joseph Breen, msimamizi wa ofisi ya studio hizo iliyokagua filamu. Magonjwa ya zinaa, biashara ya wanawake na biashara ya dawa za kulevya yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyokatazwa, na yaliyokatazwa kwa wakubwa yakawa shamba la wadogo. Watayarishaji hao wadogo hawakuwa wanachama wa chama cha studio, hivyo kanuni hazikuwafunga, ingawa pia hawakuruhusiwa katika majumba ya sinema yaliyomilikiwa na wakubwa. Walizunguka na mikanda yao mji kwa mji, wakakodi ukumbi kwa siku chache, wakabandika mabango, wakakusanya mapato na kuondoka. Hawakuwa na nyota wa kuvutia watu wala fedha za mapambo. Walichokuwa nacho ni mwiko, na ili mwiko upite mbele ya polisi, mchungaji na wakaguzi, ulihitaji kuvishwa joho la mafunzo. Ndiyo sababu nyingi kati ya filamu hizi huanza na maandishi yanayomwonya mtazamaji kwamba atakayoyaona yanatisha, lakini yanaonyeshwa kwa nia ya kuwaokoa vijana. Ndiyo sababu pia filamu moja iliweza kuwa na nakala mbili, moja iliyopunguzwa makali kwa mji wenye wakaguzi wakali, na nyingine yenye mambo yote kwa mji ambao hakuna aliyeuliza.

Mkongwe wa kundi hili ni Traffic in Souls, iliyoonyeshwa New York kuanzia Novemba 1913, kabla ya kanuni hizo na kabla hata ya uamuzi wa Ohio. Iliongozwa na George Loane Tucker. Ni filamu isiyo na sauti, yenye mikanda sita wakati ambapo watazamaji walikuwa wamezoea visa vya mkanda mmoja au miwili. Dada wawili wanafanya kazi katika duka la peremende. Mdogo analaghaiwa na kufungiwa katika danguro. Mkubwa, akisaidiana na mpenzi wake ambaye ni askari polisi, na kwa kutumia chombo cha kunasa sauti alichokibuni baba yao mgonjwa, anaufumua mtandao wote. Kwa ujenzi wa kisa na kasi ya uvamizi wa mwisho, hii ndiyo filamu bora ya kundi zima, wala haishangazi kwamba mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge ya Marekani. Lakini hoja yangu ya kuipendekeza ni nyingine. Kinara wa biashara hiyo ya wasichana, bwana mmoja mtanashati aitwaye Trubus, ndiye kiongozi wa jumuiya ya kutetea maadili mema. Ofisini anapokea pongezi za waungwana, na chini ya ofisi hiyohiyo zinahesabiwa fedha za madanguro. Filamu iliyouza tiketi kwa jina la maadili ilimweka mhubiri wa maadili kuwa ndiye mwovu, na sidhani kwamba wengi waliokuwa kwenye foleni walilitafakari jambo hilo. Asiyeweza kuvumilia filamu zisizo na sauti airuke kwanza, airudie baadaye.

Sasa tuje kwenye bangi, mahali ambapo uchaguzi halisi ni kati ya filamu mbili za mwaka 1936: Reefer Madness, ambayo jina lake la kwanza lilikuwa Tell Your Children, na Marihuana ya Dwain Esper. Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo watazamaji wengi wa Marekani ya wakati huo hawakuwa nayo. Neno bangi ni la siku nyingi katika lugha yetu, na hata asiyewahi kuivuta amewahi kupita karibu na kijiwe akawaona wavutaji walivyo: wamelegea, wanacheka pasipo sababu, wanatafuta cha kula. Bangi ina madhara yake, tena ya kweli, lakini aliyeyaona hayo hawezi kudanganyika kwamba pafu mbili humfanya kijana mpole awe muuaji kabla ya jioni.

Hivyo ndivyo Reefer Madness inavyodai. Mwalimu mkuu, Dk. Carroll, anawahutubia wazazi, kisha anawasimulia yaliyowapata vijana wa shule waliovutwa hadi nyumbani kwa Mae na Jack, wauzaji wa msokoto. Kijana mmoja anamgonga mtembea kwa miguu kwa gari. Msichana Mary anauawa kwa risasi katika purukushani, na mpenzi wake, Bill, anaaminishwa kwamba yeye ndiye aliyeua. Ralph, anayechezwa na Dave O'Brien kwa macho ya kutumbua na kicheko kisichokauka, anampiga Jack hadi kufa, na Blanche anajirusha dirishani. Mwongozaji alikuwa Louis Gasnier, Mfaransa ambaye mwaka 1914 alishiriki kuongoza mfululizo maarufu wa The Perils of Pauline, na ambaye kufikia wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye ngazi ya chini ya soko la filamu. Mkono wake wa zamani bado unaonekana: kila dakika kumi lazima mtu apatwe na jambo. Kwa sababu hiyo filamu haichoshi, na kwa sababu hiyohiyo haifundishi chochote, hata kuhusu hofu ya wazazi wa wakati ule.

Maisha yake ya pili yanavutia kuliko filamu yenyewe. Mwaka 1972 Keith Stroup, mwanzilishi wa chama kilichotaka sheria za bangi zilegezwe, aliikuta katika Maktaba ya Bunge, akanunua nakala kwa dola 297, kisha ikaanza kuonyeshwa vyuoni kama kichekesho cha kuchangisha fedha za harakati zake. Filamu iliyotengenezwa ili watu waiogope bangi ikalipia gharama za watu waliotaka iruhusiwe. Kwa kuwa haina tena hakimiliki, inapatikana bure kwenye intaneti, na nakala zake ni nyingi kiasi cha kuchosha. Zile zilizotiwa rangi miaka ya karibuni ziachwe, maana moshi wa rangi humgeuza hata mtazamaji mwenye nia njema kuwa mdhihaki.

Marihuana ni jambo jingine kabisa. Burma, msichana wa shule ambaye nyumbani hana nafasi moyoni mwa mama yake, anakwenda na wenzake kwenye karamu ya ufukweni. Wanavuta misokoto bila kujua ni nini, wanavua nguo na kuingia baharini, na mmoja wao anazama na kufa. Burma anapata mimba usiku uleule. Mpenzi wake, akitafuta fedha za kumwoa, anaingia katika magendo ya dawa za kulevya na kuuawa. Mtoto anatolewa akalelewe na wengine, na Burma anaangukia kwenye heroini, kwanza kama mtumiaji, kisha kama muuzaji mwenye moyo mgumu. Mwisho wake, unaohusu mpango wa kumteka mtoto wa dada yake, siutaji hapa, kwani ni wa namna ambayo hata tamthilia za jioni zingesita kuutumia. Filamu haifiki saa moja.

Mwandishi wa kisa hicho alikuwa Hildegarde Stadie, mke wa Esper. Nadhani ni mkono wake unaofanya Burma awe mtu kuliko mfano wa kuonya: anapokuwa muuzaji ana akili, ana maneno makali, na kwa muda mfupi filamu inamwonyesha akiwa na uwezo ambao nyumbani kwao hakuwahi kupewa. Esper mwenyewe alikuwa mfanyabiashara asiyejua haya. Miaka michache kabla, alipokuwa akizunguka na filamu yake ya Narcotic ya mwaka 1933, alionyesha kwenye ukumbi wa mbele wa majumba ya sinema maiti iliyokaushwa, akidai ni ya mtu aliyeuawa na dawa za kulevya. Maiti ile ilikuwa ya Elmer McCurdy, jambazi wa treni aliyepigwa risasi Oklahoma mwaka 1911. Iliendelea kuzungushwa na watu wa maonyesho kwa miongo kadhaa hadi mwaka 1976, ilipogunduliwa katika uwanja wa michezo ya kujifurahisha huko Long Beach, California, ambako wapiga picha wa kipindi cha televisheni waliidhani ni sanamu mpaka mkono ulipokatika. Anayetaka kujua mahubiri ya Esper yalikuwa na uzito gani aanzie na maiti hiyo.

Kati ya hizi mbili, basi, ninachagua hivi. Ukiwa na marafiki, chakula mezani, na hakuna anayetaka kufikiri, chukua Reefer Madness; haina utupu, na hata vijana wakubwa wanaweza kuitazama mradi kuwe na mtu wa kuwaeleza kwamba dawa hii haifanyi kazi hivyo. Ukiwa peke yako, na unataka kuona biashara ya mwiko ilivyo bila vazi, chukua Marihuana, ukijua kwamba tukio la ufukweni lina utupu, na kwamba liliwekwa pale makusudi ili lizungumziwe na waliotoka kwenye ukumbi.

Lakini iwapo ni moja tu utakayoitazama, ningekuomba iwe The Road to Ruin ya mwaka 1934. Ili kuona sababu, inabidi turudi nyuma kidogo. Wallace Reid alikuwa mmoja wa nyota wapendwa wa filamu zisizo na sauti. Mwaka 1919 aliumia katika ajali ya treni akiwa kazini, akapewa mofini ili kazi isisimame, akawa mtumwa wake, na Januari 1923 akafa akiwa na umri wa miaka 31. Mkewe, Dorothy Davenport, mwigizaji vilevile, hakuuficha msiba huo. Mwaka uleule alitoa Human Wreckage, filamu juu ya dawa za kulevya, na kuanzia hapo akafanya kazi kwa jina la Bi. Wallace Reid, jina ambalo lilikuwa kumbukumbu na tangazo kwa pamoja. Sitaki kumfanya mtakatifu. Filamu yake ya mwaka 1925 juu ya mwanamke aliyewahi kufanya ukahaba ilitumia jina halisi la mwanamke aliyekuwa hai, ambaye tayari alikuwa ameacha maisha hayo na kuolewa. Mwanamke huyo alimshtaki, na mwaka 1931 mahakama ya rufani ya California ikakubali kwamba alikuwa na haki ya kudai. Mhubiri wa huruma alimvua mtu sitara yake. Hata hivyo, tofauti na Esper, huyu alikuwa na kidonda alichokijua.

The Road to Ruin aliiongoza pamoja na Melville Shyer, na ilikuwa marudio yenye sauti ya filamu ya mwaka 1928 iliyobeba jina hilohilo. Helen Foster alicheza mhusika mkuu katika zote mbili, ingawa katika ile ya pili alikuwa amekaribia miaka 30 na bado anavaa nguo za mwanafunzi. Ann ni msichana mwenye adabu. Rafiki yake, Eve, anamzoesha sigara na pombe. Kijana wa rika lake anamlaghai. Kisha mwanamume mtu mzima anamchukua, anamlewesha, anampa mimba na kumpeleka kwa daktari wa kuitoa, naye anakufa kitandani nyumbani kwao. Kwa maelezo haya haina tofauti na nyingine. Tofauti imo katika namna kamera inavyowatazama watu wake. Polisi wanapovamia karamu na wasichana kupelekwa kwa maofisa wanawake, wanapimwa magonjwa, na tunaoneshwa Eve akipokea habari kwamba ameambukizwa. Hakuna muziki wa kutisha na hakuna anayepiga kelele; kuna msichana anayesikiliza karatasi ikisomwa. Wazazi wa Ann hawakuwa wakatili. Walikuwa na shughuli zao tu, na filamu haiwapigii kelele, inawaweka pale waonekane. Mwanamume aliyemharibu anatembea huru. Nilipoitazama mara ya pili niligundua kwamba mahubiri ya mwanzo hayakuwa yameelekezwa kwa wasichana hata kidogo, bali kwa watu wazima waliokaa kwenye viti.

Kasoro zake zipo. Sauti ya nakala nyingi ni mbovu, tukio la michezo ya kuvua nguo kando ya bwawa lipo kwa sababu zilezile za Esper, na uigizaji wa wanaume ni wa kukariri. Imedumu saa moja na kidogo, inapatikana bure kwenye intaneti, na haihitaji maelezo ya awali. Aliyeipenda atafute ile ya 1928 ili aone kisa hichohicho kikiwa kikali zaidi, na kikiwa na huruma kidogo zaidi.

Imebaki Mom and Dad ya mwaka 1945, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote kuipendekeza na ndiyo iliyofanikiwa kuliko zote. Mtayarishaji, Kroger Babb, alikuwa mtu wa matangazo kutoka Ohio. Mwongozaji, William Beaudine, ndiye aliyewahi kumwongoza Mary Pickford, nyota wa filamu zisizo na sauti, miaka ya 1920. Upigaji picha ulimalizika kwa siku chache. Kisa ni hiki: msichana Joan anakutana na rubani, analala naye, rubani anakufa katika ajali ya ndege, naye anabaki na mimba na mama ambaye alikataa kumweleza chochote kuhusu mwili wake, huku mwalimu aliyejaribu kuwafundisha wanafunzi mambo hayo akifukuzwa kazi. Ndani ya filamu wanafunzi wanaoneshwa filamu nyingine za tiba: mtoto anayezaliwa kwa njia ya kawaida, mwingine kwa upasuaji, na picha za wagonjwa wa kaswende na kisonono. Hizo ndizo zilizoleta watu.

Ukiitazama leo ukiwa umekaa kwenye kochi, utaona filamu ya polepole yenye nyimbo zisizohitajika, kwani nusu ya kazi haikuwa kwenye mkanda. Kabla ya filamu kufika mjini, wajumbe wa Babb waliuchokoza mji kwa barua na matangazo, wakahakikisha wachungaji na magazeti wanagombana. Wanawake na wasichana waliingia alasiri na mapema jioni, wanaume usiku. Wauguzi waliovaa sare walisimama mlangoni kuwahudumia waliozimia. Katikati ya filamu taa ziliwashwa, na mtu aliyetambulishwa kama bingwa wa elimu ya afya, Elliot Forbes, akapanda jukwaani kuhutubia na kuuza vijitabu, kimoja cha wanaume na kingine cha wanawake. Elliot Forbes hakuwako. Lilikuwa jina lililotumiwa na watu wengi waliokuwa wakizunguka miji tofauti kwa wakati mmoja. Kwa watazamaji weusi, katika nchi iliyokuwa bado na ubaguzi wa kumbi, alitumika Jesse Owens, yule mwanariadha mweusi wa Marekani aliyeshinda medali nne za dhahabu katika Olimpiki ya Berlin. Msomaji wa pwani atakumbuka jando na unyago, ambako pia mambo ya mwili hufundishwa wanawake peke yao na wanaume peke yao. Ila kungwi hamuuzii mwari kijitabu.

Na bado siwezi kuiweka Mom and Dad katika kapu moja na Marihuana. Kanisa Katoliki, kupitia jumuiya yake ya maadili, liliilaani, lakini habari za kimsingi zilizomo kuhusu uzazi na magonjwa zilikuwa za kweli, na kwa msichana wa mji mdogo wa mwaka 1945 huenda hakukuwa na mahali pengine pa kuzipata. Babb hakuwa na kidonda cha Davenport wala hakujifanya kuwa nacho. Aliuza maarifa kwa sababu yalikuwa adimu, kama mtu anavyouza maji mahali penye ukame. Iliingizwa katika orodha ya taifa mwaka 2005, mwaka mmoja kabla ya Traffic in Souls, na nakala nzuri ya kununua ilitolewa na kampuni ya Kino Lorber mwaka 2020. Isioneshwe mbele ya watoto, na mwenye moyo mwepesi ajue kwamba picha za wagonjwa ni za kweli.

Atakayeichagua aisimamishe pale hadithi inapokatizwa kwa ajili ya hotuba, awashe taa, akachemshe chai, kisha arudi kwenye kiti chake baada ya robo saa. Ndivyo ilivyokusudiwa kutazamwa, isipokuwa vijitabu.